Kicheko Chenye Machozi: Kinamama wa Filamu ya "Virgem Margarida"

Watu wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, tangu mlango wa mto Ruvuma hadi Palma na Mocímboa da Praia, hawana haja ya kufundishwa kwamba jambo zito huweza kusemwa kwa kicheko. Katika ngoma ya mapiko, Wamakonde walimfanyia mzaha bwana mkubwa wa Kireno kwa kinyago, katika siku ambazo kumcheka waziwazi kungalimtia mtu kifungoni. Ndiyo maana filamu ya "Virgem Margarida", yaani Bikira Margarida, iliyotolewa mwaka 2012, haitakuwa ngeni kwao, ijapokuwa kisa chake kinaanzia mbali, katika jiji la Lourenço Marques ambalo leo ni Maputo.

Mtengenezaji wake ni Licínio Azevedo, mzaliwa wa Brazil aliyehamia Msumbiji katika miaka ya 1970. Mwaka 1999 alikwisha kutoa filamu ya kumbukumbu juu ya jambo hilo hilo. Kisa ni cha mwaka 1975. Uhuru umepatikana, na wanawake wanaouza miili yao wanakamatwa mjini, wanapakiwa kwenye mabasi na kupelekwa porini ili wakaelimishwe upya. Miongoni mwao, kwa makosa, yumo Margarida, msichana wa miaka 16 aliyekuja mjini kununua vitu vya arusi yake. Hana kitambulisho, basi hakuna wa kumsikiliza.

Hapo ndipo kichekesho kinapozaliwa, na ni kichekesho kichungu. Malaya wanaposadiki kwamba mwenzao ni bikira kweli, dhihaka inageuka heshima, na heshima inakaribia kuwa ibada. Wale walioambiwa kwamba hawana utu ndio wanaojitwika ulinzi wa usafi wa mtoto wa watu! Iva Mugalela, katika nafasi ya Rosa, mwanamke mwenye ulimi mkali asiyekubali kunyamazishwa, anayachekesha maneno makali kwa kukunja uso tu. Rosa Mário na Ana Maria Albino wanamfuatia bila kumpokonya nafasi. Sumeia Maculuva, aliye Margarida mwenyewe, ana kazi ngumu ya kutofanya mengi, naye anaiweza.

Lakini anayestahili sifa kubwa kuliko wote ni Hermelinda Cimela katika nafasi ya Maria João, kamanda wa kambi. Kamanda huyu ni mpiganaji wa msituni. Alitarajia kwamba vita vikiisha atarudi kwao akaolewe. Badala yake anapewa amri ya kwenda kulinda wanawake asiowaelewa, mahali pasipo nyumba, na nyumba zenyewe hawana budi kuzijenga kwa mikono yao. Mchezaji mwenye upungufu angalimfanya kamanda huyu kuwa katili wa kupiga makelele. Bibi Cimela hakufanya hivyo. Anapotoa hotuba za nidhamu, mtazamaji anacheka kwa jinsi maneno ya kitabuni yanavyokataa kukaa porini. Na papo hapo anaona katika macho yake kwamba mtoa amri naye amefungwa na amri. Anasimama wima, gwanda limenyooka, lakini mabega yamechoka. Hilo halifundishwi kwa siku moja.

Mwanamke wa namna hiyo anafahamika sana huku kaskazini. Kikosi cha Wanawake cha FRELIMO kiliundwa mwaka 1967. Kinamama walipata mafunzo Nachingwea, wakavusha silaha Ruvuma, wakalala misituni Cabo Delgado. Bibi wengi wa leo walikuwamo. Kuwaona wakichezwa kama binadamu wenye hasira, huruma na ndoto za arusi ni heshima kubwa zaidi kuliko sanamu ya saruji.

Tena kuna jambo linaloigusa Palma ya leo hasa. Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya Oktoba 2017 na yale ya Palma ya Machi 2021, mwenye sare na mama aliyepoteza nyumba yake wamekuwa wakikutana kila siku, kwenye vizuizi vya barabarani na penye foleni za chakula. Mwanamke asiye na kitambulisho mbele ya askari mwenye haraka: hiyo si hadithi ya mwaka 1975 peke yake. Askari atakayeitazama filamu hii pamoja na mkewe huenda wakacheka mahali tofauti, na mazungumzo ya baadaye yatakuwa marefu.

Ila moja: mkubwa wa kiume anayekuja kukagua kambi amechorwa kwa mistari michache mno, kama kinyago kisicho na mchezaji ndani yake. Karibu na wanawake wale anaonekana mwepesi.

Filamu inasemwa kwa Kireno, na muda wake ni kiasi cha saa moja na nusu. Ina mambo ya watu wazima, hivyo yafaa itazamwe watoto wakiwa wamekwisha kulala.