"Kastoma Wangu, Umenisahau"

Kuna imani iliyokita mizizi katika vyumba vya walimu na katika nyumba nyingi za wazazi: kwamba mtoto aliyelelewa kwa Sheng katika mitaa ya Nairobi kama Dandora, Kayole au Huruma hawezi kuitambua toni ya shairi, kwa kuwa Kiswahili chake kimeharibika. Basi hununuliwa mwongozo akariri: toni ya huzuni, toni ya hasira, toni ya kejeli. Imani hiyo ni uongo, na inawadhuru watoto wetu. Ni Dandora hiyohiyo iliyowatoa Kalamashaka, vijana ambao katika miaka ya 1990 waliimba kwa Kiswahili na Sheng, wimbo wao mmoja wakauita Tafsiri Hii.

Msikilize mama mboga wa Umoja jioni, watu wakishuka matatu. "Kastoma wangu, siku hizi umenisahau!" Ukishika maneno peke yake utasema analalamika. Toni yake, hata hivyo, ni ya kubembeleza. Anayeambiwa anaona haya, maana jana alinunua sukuma kwa jirani. Haya hiyo ndiyo hali ya moyo aliyojengewa. Na ushawishi? Umo katika lile "wangu." Neno moja limegeuza biashara kuwa udugu, na mtu anaondoka na nyanya ambazo hakuzipangia. Mtoto aliyetumwa dania hung'amua yote haya kabla hajajua kuandika insha. Anajua pia kwamba makanga anayeapa zimebaki nafasi mbili ana gari nusu tupu.

Sasa mpe mtoto huyo Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea, pale Kenga, mshauri wa mtawala, anapomshawishi mchongaji Sudi achonge kinyago kwa ajili ya sherehe za Sagamoyo. Usimwambie ataje toni. Mwambie ayasome maneno ya Kenga kwa sauti, kwanza kama rafiki, kisha kama mtu aliyetumwa na mkubwa, halafu aseme ni sauti ipi inayokubaliana na yaliyotangulia. Pengine atajibu kwa Sheng. Mwache ajibu, kisha mpe neno sanifu la kuandika kwenye mtihani. Kumpa neno mtu aliyekwisha kusikia ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kumpa sikio aliyekariri "kejeli" na sasa anaibandika popote anapoona mzaha.

Walimu wenzangu hulalamika kwamba darasa lililofurika halina nafasi ya kusoma kwa sauti. Naujua ugumu huo. Lakini orodha za toni nazo hula wiki nzima, na mwishowe mtoto bado anachanganya toni ya msemaji na huzuni yake mwenyewe kama msomaji. Kipindi cha fasihi kikifika kesho, mwongozo ubaki mkobani. Waulize wanafunzi kwanza mama mboga alisema nini jana, alisemaje, na wao walinunua nini.