Je, Filamu Yenye Mchawi Yafaa Kuonyeshwa Nyumbani?

Hapa Mkuyuni, mzazi anayetaka kuwaonyesha watoto wake filamu ya katuni huuliza kwanza maswali mawili. Je, mna uchawi ndani yake? Je, mna watu walio uchi? Akijibiwa ndiyo, hata kwa swali moja tu, filamu hufutwa kwenye flashi na mjadala huishia hapo. Maswali hayo yana sababu zake, nami siyadharau. Walakini kwa filamu moja ninayotaka kuizungumzia yanatoa hukumu isiyo ya haki. Filamu hiyo ina mchawi tangu mwanzo hadi karibu na mwisho, na watu wake wengi wamevaa nguo haba au hawakuvaa kabisa. Hata hivyo naona yafaa ionekane katika kila nyumba ya Usukuma yenye televisheni.

Yaitwa Kirikou et la Sorcière, yaani Kirikou na Mchawi. Ilitengenezwa na Mfaransa Michel Ocelot, aliyeishi Guinea sehemu ya utoto wake, na ilitoka mwaka 1998. Hadithi yenyewe ina asili ya Afrika Magharibi, sauti ni za waigizaji wa Senegal, na muziki ni wa Youssou N'Dour. Mwaka 1999 ilipata tuzo kuu ya filamu ndefu katika tamasha la katuni la Annecy, Ufaransa. Nilipokuwa masomoni Ulaya niliona walimu wa shule za msingi wakiitumia darasani. Huku kwetu ni wachache niliowakuta wanaoijua.

Kirikou ni mtoto mdogo mno, ambaye mara tu baada ya kuzaliwa anauliza baba yake yuko wapi. Anaambiwa kwamba baba, pamoja na karibu wanaume wote wa kijiji, wameliwa na mchawi Karaba, na kwamba Karaba huyo ndiye aliyekausha chemchemi. Kijiji kizima kinaamini hivyo, wala hapana aliyekwenda kutazama. Kirikou anakwenda. Ndani ya pango la chemchemi anamkuta mnyama mkubwa anayekunywa maji yote, ambaye aliingia humo akiwa mdogo na kunenepa kwa maji hayo hayo. Baadaye inajulikana kwamba hata wale wanaume hawakuliwa.

Lakini swali linalomkosesha mtoto huyu raha ni jingine: kwa nini Karaba ni mwovu? Kila amwulizaye humjibu kwamba Karaba ni mwovu kwa sababu ni mchawi. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza akinipa jibu la namna hiyo katika mtihani, hapati alama hata moja, maana kulipa jambo jina si kulieleza. Kirikou haridhiki. Anafunga safari kwa babu yake mlimani, na huko anaelezwa kwamba zamani wanaume walimkamata Karaba kwa nguvu wakamchoma mwiba wa sumu mgongoni, na kwamba mwiba huo bado umo na unamuumiza usiku na mchana.

Msomaji wa Kanda ya Ziwa hahitaji kuambiwa kwa nini jambo hili latuhusu. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa nchini kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wanawake, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokea katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Mauaji hayakuishia hapo, na taarifa za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimeendelea kuyataja. Sheria ya Uchawi tunayo tangu mwaka 1928. Alama inayotumika mno kumtambua mshukiwa ni macho mekundu ya mwanamke mzee.

Sababu za macho hayo zajulikana. Ya kwanza ni moshi wa kuni na wa samadi kavu katika jiko lisilo na dirisha. Ya pili ni trakoma, ambayo wengi huiita vikope. Bakteria wake hupitishwa kwa mikono, kwa vitambaa na kwa nzi. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, makovu hujengeka ndani ya kope, na miaka mingi baadaye ukingo wa kope hugeukia ndani na nywele zake zikalikwaruza jicho. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume kwa kuwa ndio wakaao karibu na watoto wadogo. Basi bibi aliyepikia ukoo mzima na kulea wajukuu ndiye anayevaa alama ya mchawi. Hali kadhalika tumbo lililojaa maji, ambalo katika vijiji vya pwani ya ziwa hili hudhaniwa kuwa limerogwa, mara nyingi ni kichocho cha tumbo kilichotokana na vimelea watokao kwa konokono wa majini. Huyo ndiye mnyama wetu wa chemchemi.

Nashangaa kwamba wazazi wanaomkataa Karaba humkaribisha nyumbani, bila swali, binti Snow White wa kampuni ya Disney, filamu ya mwaka 1937. Humo malkia mwovu anajigeuza kikongwe na kuchukua kikapu cha matofaa. Kisha kikongwe huyo anafukuzwa mlimani na kundi la wanaume wafupi, radi inapiga, anaanguka gengeni na kufa, na watazamaji wanafurahi. Filamu hiyo ina ustadi mkubwa wa uchoraji, sibishi. Lakini mtoto wa Misungwi anayeitazama anafundishwa kufurahia kitu ambacho jirani zake wamewahi kukitenda.

Filamu ya Ocelot nayo ina kasoro, tena si ndogo. Karaba ana nguvu za kweli: amewageuza wanaume kuwa vinyago vya kumtumikia, na mwiba unapong'olewa nguvu hizo zinamtoka. Kwa hiyo mtoto aweza kuhitimisha kwamba wachawi wapo, ila tuwahurumie. Bibi wa jirani hana mwiba, wala hakumgeuza mtu yeyote kuwa kinyago. Hahitaji kuponywa uchawi, ahitaji matibabu ya macho na jiko lenye njia ya kutolea moshi. Filamu haiwezi kuyasema haya. Lazima yasemwe na mtu mzima aliyeketi pale pale sebuleni.

Kuhusu utupu sina mengi. Ni watoto wadogo na akina mama wa kijijini wanaochota maji na kutwanga, na macho ya kamera hayawatafuti. Wasambazaji fulani wa Ulaya na Marekani walitaka wavishwe nguo, Ocelot akakataa.

Lugha ndiyo taabu ya kweli, kwani mara nyingi maneno ni ya Kifaransa au Kiingereza. Lakini nchi hii haina uhaba wa watu wanaojua kufasiri filamu huku inakwenda. Vibanda umiza vimewalea kwa miaka mingi. Mzazi aitazame peke yake kwanza, kisha aifasiri mwenyewe kwa watoto, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma. Mnyama wa chemchemi anapoonekana, aisimamishe na kuuliza kijiji kilijuaje kwamba ni Karaba. Aisimamishe tena karibu na mwisho, pale umati unapomjia Karaba ukitaka kulipiza kisasi ilhali mwiba umekwisha kutoka, na awaache watoto wabishane kadiri watakavyo kabla ya kuendelea. Filamu yenyewe ni ya dakika 70 hivi, nafasi ya mabishano ipo. Walio chini ya miaka mitano heri walale kwanza, maana vinyago vya Karaba vyatisha.