Msaidie, lakini vipi?

Shuleni tulifundishwa kwamba kielezi ni neno linalojibu swali la "vipi?" Mtoto amekula vipi? Haraka. Mgeni amepokelewa vipi? Vizuri. Waingereza huongeza mkia mfupi mwishoni mwa neno na kielezi kikapatikana. Sisi mara nyingi tunatumia "kwa": kwa upole, kwa heshima, kwa huruma. Ni "kwa" ile ile ya kulima kwa jembe na kukata kwa kisu. Huruma nayo ni chombo cha kazi, na mtu anaweza kwenda kazini akakisahau nyumbani.

Mtume Paulo alilijua hilo. Katika Warumi 12:8 hatosheki kutaja huduma za kanisani. Nyingine anazieleza zinavyopaswa kufanywa. Anayewahurumia wengine anaambiwa afanye hivyo kwa furaha. Wengi wetu tungetarajia aseme kwa machozi. Lakini aliyewahi kulazwa wodini anamwelewa Paulo, kwa sababu mgonjwa hutambua upesi nani amekuja kwa kupenda na nani ameletwa na zamu ya jumuiya. (Sisi tunaofika na sukari kilo moja, sabuni mbili na wapiga picha watatu, anatutambua pia.)

Naomba tulipime jambo hili kwa ugonjwa mmoja, kifafa, na kwa sehemu moja ya nchi yetu: Bonde la Kilombero na milima ya Mahenge iliyo ng'ambo ya mto ukitokea Ifakara.

Mnamo mwaka 1960 daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge. Watu walimwita Mama Dokta. Miongoni mwa Wapogoro aliokutana nao walikuwamo wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto. Mgonjwa alikuwa akianguka jikoni, penye mafiga, na waliokuwa karibu walikimbia. Iliaminika kwamba mate yake huambukiza, na hata kumgusa tu. Wengine walitengewa sahani na kikombe, wakala peke yao. Tusiwahukumu upesi wazazi wale. Walimpenda mtoto wao na waliogopa kwa wakati mmoja, na pale motoni hofu ndiyo iliyotangulia.

Dawa aliyokuwa nayo Mama Dokta haikuwa ya ajabu. Vilikuwa vidonge vya fenobabitali, vya bei nafuu, vinavyotumika hadi leo. Ugumu wake ni kwamba vinatakiwa kumezwa kila siku, bila kukosa, pengine kwa miaka mingi. Kwa hiyo mgonjwa wa kifafa anahitaji mtu wa kumkumbusha leo, na kesho, na mwezi ujao wakati wengine wote wamekwisha kumsahau. "Bila kukosa" nacho ni kielezi cha huruma, ingawa hakipigiwi makofi.

Uchunguzi uliofanywa wilayani Ulanga na kuchapishwa mwaka 1992 ulionyesha kuwa katika kila watu 1,000, kama 10 walikuwa na kifafa. Piga hesabu mwenyewe: kwa kiwango hicho, parokia au usharika wa watu 3,000 ungekuwa na wagonjwa 30 hivi. Je, unawaona ibadani? Watafiti wa miaka ya karibuni wameuhusisha ugonjwa huu huko Mahenge na usubi, unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Malaria kali ya kichwani, minyoo ya nguruwe na kuumia wakati wa kuzaliwa navyo vinaweza kuleta kifafa. Lakini bado utasikia watu wakinong'ona nje ya kanisa: ukoo ule ulimkosea nani?

Katika Mathayo 17 baba mmoja anapiga magoti mbele ya Yesu kwa ajili ya mwanawe mwenye kifafa, anayeanguka mara kwa mara motoni na majini. Mtu wa bondeni hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Moto uko jikoni na shambani wakati wa kusafisha shamba, na maji yako mtoni, kisimani, kwenye majaruba ya mpunga na chini ya mtumbwi wa mvuvi.

Utaniambia: lakini Injili hiyo hiyo inasema Yesu alimkemea pepo. Ndiyo, inasema. Nami nakuomba uisome yote. Marko anasimulia kwamba umati ulikuwapo na waandishi walikuwa wakibishana na wanafunzi. Yesu akamgeukia baba na kumuuliza hali hiyo ilimwanza mtoto lini (Marko 9:21). Ni swali ambalo hata daktari angeanza nalo. Mtoto alipolala kama maiti na watu wakasema amekufa, Yesu alimshika mkono akamwinua. Luka anaongeza kwamba alimrudisha kwa baba yake. Hakuna aliyefichwa chumba cha nyuma, na hakuna aliyeambiwa atupe dawa.

Nalisema hili wazi: kiongozi wa kiroho anayemwambia mgonjwa wa kifafa aache vidonge ili aonyeshe imani anamweka kwenye hatari ya kufa. Dawa hizi zikiachwa ghafla, mgonjwa anaweza kupata mishtuko mfululizo isiyokoma. Omba naye, mwekee mikono, kisha muulize kama amemeza dawa ya jioni.

Na akianguka ibadani, usikimbie, wala usimwitie wanaume sita wamkandamize. Sogeza benchi. Weka kitenge au koti chini ya kichwa chake. Mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na utazame saa. Ikipita dakika tano, apelekwe hospitali. Mate yake hayaambukizi kifafa. Akizinduka atakuwa amechanganyikiwa, na huenda amejikojolea. Mfunike, umwambie taratibu yuko wapi, na wewe ni nani.

Tangu daraja la mto Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018, anayetoka Mahenge kwenda Ifakara hasubiri tena kivuko. Ila yupo mtoto ambaye safari iliyomshinda ni ya kutoka nyumbani hadi darasa la mafundisho, kwa sababu mama yake anaona aibu, au mwalimu alisema asije mpaka apone. Leo baada ya ibadani mtafute mwalimu huyo. Muulize ni watoto gani waliandikishwa na hawaji, na kliniki ya mwezi huu ni siku gani, na nani atampeleka.