Wanakhucha Hakuwa Mtoro

Waandishi wengi wa historia ya pwani huwaita watoro watu wote waliojiondoa utumwani kwa miguu yao wenyewe. Neno hili laonekana jepesi, kumbe limebeba hukumu: mtoro ni mali ya mtu iliyopotea. Alitumiaye bila kufikiri husimama upande wa bwana, ajapokuwa hakukusudia.

Na watazamwe Wazigua wa mto Juba. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliikumba Uzigua, na watu wengi wakavushwa kwa majahazi hadi pwani ya Benadir, wakalimishwa mashamba ya mto Shabelle. Masimulizi ya wajukuu wao yasema kwamba mwanamke mbashiri, Wanakhucha, ndiye aliyewatoa huko akiwaongoza kusini, nia yao kurudi kwao. Safari ikakomea Juba.

Wako wasomi waonao haya kumtaja, ati habari zake ni za midomo, tena zina ramli ndani yake. Nassib Bundo, mtumwa wa zamani mwenye asili ya Kiyao aliyetawala huko baadaye, huandikwa kwa urefu, kwa kuwa alishughulika na watu wenye kalamu. Je, kalamu ndiyo iliyofyeka msitu? Atakaye na aiache ramli. Shamba hawezi kuliacha. Kingo za Juba zilikuwa msitu wa mbung'o, wafugaji wakiuogopa kwa ajili ya ng'ombe wao. Waliotoka utumwani waliufyeka, wakapanda mahindi, ufuta na kunde katika mabonde yajaayo maji mto ufurikapo, na nafaka iliyozidi wakaiuza. Mtu ajifichaye halimi hivyo. Hupanda mashina machache ya muhogo nyuma ya kichaka, sikio likiwa njiani. Hata jina walilopewa na majirani, Wagosha, yaani watu wa msitu, lasahau kwamba msitu huo waliugeuza mashamba.

Na lugha je? Kizigua kilidumu Juba zaidi ya miaka 150. Vita vya 1991 vilipowafukuza, wale waliofika Handeni walisemezana na wenyeji bila mkalimani. Huko Chogo walipewa ardhi, wakalima tena. Wengi wao baadaye walipata uraia wa Tanzania. Lakini kwanza waliandikwa wakimbizi, katika nchi ileile aliyokuwa akiielekea Wanakhucha.