Ramani Isiyo Ramani

Mfasiri mwenye haraka, akikuta kazi ya swichi ya Ethernet ya kugeuza namba za VLAN, yaani mitandao pepe, huiita "kuchora ramani". Ramani ipi? Wateja wawili wa kampuni moja ya mawasiliano huweza kutumia namba 10, kila mmoja kwake. Ndipo swichi, pale mlangoni, huivua fremu ya huyu 10 na kuivisha 210, ya yule 310. Zikirudi, huvishwa tena 10 yao. Yaliyomo hayaguswi. Kwa hiyo hata "tafsiri", neno tamu kwetu, halifai: swichi haisomi maana yoyote. Mimi nasema "ubadilishaji namba". Halina madaha, wala halitampendeza mtunga mashairi. Lakini fundi aliyeambiwa "ramani" atatafuta mchoro, na data za wateja hao wawili zitachanganyikana.