Rudisheni Cha Juu cha Bodaboda

Nyamongo si mahali pa kumfundisha mtu habari za fidia. Hapa watu wamedai fidia ya mashamba, nyumba, migomba na hata makaburi. Hapa ndipo tegesha ilipokomaa: vibanda vinaota usiku kwenye eneo ambalo mgodi wa dhahabu wa North Mara unatarajiwa kulichukua, ili mthamini akija asubuhi akute cha kuandika. Mwaka 2013 wanavijiji wa hapa walifika mpaka Mahakama Kuu ya London, wakaishtaki kampuni ya African Barrick Gold pamoja na mgodi wake wa North Mara kwa vifo na majeraha ya risasi, na mwaka 2015 kesi ikamalizwa kwa makubaliano. Kwa hiyo asije mtu kuniambia watu wa hapa hawajui kudai.

Wanajua sana. Ndiyo maana nashangaa mtu anayeweza kubishana na mthamini nusu siku kwa ajili ya mgomba mmoja anakwenda kusaini mkataba wa pikipiki, anarudi kijiweni anapiga honi, bila hata kumuuliza aliyempeleka kule: wewe umelipwa kiasi gani kwa kichwa changu?

Maana kalipwa. Vijana wanaopaki pale Nyangoto, Kewanja na Matongo wanamfahamu huyu bwana. Ndiye anayejua nani Tarime mjini anatoa pikipiki kwa kianzio kidogo, nani hasumbui sana kwa wadhamini, tajiri gani anatoa mkataba wa mwaka na nusu kisha anakukabidhi kadi. Anakusindikiza, anakujazia fomu, siku nyingine anakulipia hata nauli. "Mura, mimi nakutafutia ile yenye nafuu." Nafuu ya nani? Kama mkopeshaji anamlipa kwa kila kichwa anachokileta, na anamlipa zaidi mkataba ukiwa mzito zaidi, huyo hakukutafutia nafuu. Amekuuza, na bei yake imeingizwa kwenye rejesho lako.

Tupige hesabu, na huu ni mfano wangu, yeyote aweke namba zake. Pikipiki dukani taslimu ni milioni 3. Unatoa kianzio 400,000, zinabaki milioni 2.6 za kukopa. Rejesho ni 10,000 kwa siku, kwa siku 540. Ukimaliza umetoa milioni 5.8. Pikipiki ya milioni 3 imekula milioni 2.8 nyingine juu yake. Sasa Benki Kuu imeweka kikomo cha riba kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana: asilimia 3.5 kwa mwezi. Hata tukiwapendelea wakopeshaji, tukatoza asilimia hiyo kwenye deni lote la mwanzo kila mwezi kana kwamba hujawahi kurejesha hata senti, tunapata 91,000 kwa mwezi, na kwa miezi 18 ni 1,638,000. Ukiitoa kwenye ile milioni 2.8, zinabaki 1,162,000.

Hizo ni za nini? Watakwambia bima, kifaa cha kufuatilia chombo, fomu, usajili, "usumbufu". Sawa, andikeni. Bima shilingi ngapi, na aliyeiuza kapata nini. Kifaa shilingi ngapi, kilinunuliwa wapi. Na aliyekuleta, shilingi ngapi. Kila pesa iliyoingia kwenye milioni 5.8 ina mwenyewe, na mwenye mfuko uliotoka ana haki ya kuwajua wote.

Kuna watakaosema nachochea vijana kwa mambo yasiyowahusu. Basi watazame Uingereza, ambako wenye magari ya mkopo wamelifanya jambo hili hili kuwa zogo la taifa. Kule, wauza magari walikuwa wanawaunganisha wateja na kampuni za mikopo na kupokea kamisheni kimya kimya. Baadhi yao waliachiwa hata kupandisha riba ya mteja wenyewe, na kadiri walivyoipandisha ndivyo kamisheni yao ilivyonona. Mchezo huo wa kupandisha riba ulipigwa marufuku Januari 2021, ila madai ya miaka ya nyuma yakabaki. Tarehe 1 Agosti 2025 Mahakama ya Juu ya nchi ile ikatoa hukumu. Mteja mmoja, mfanyakazi wa kiwandani aliyenunua Suzuki iliyotumika, alikuwa amekopeshwa na kampuni iliyomlipa muuza gari kamisheni ya pauni 1,650, zaidi ya shilingi milioni 5 za kwetu. Kiasi hicho kilikuwa asilimia 55 ya gharama yote ya mkopo wake. Zaidi ya nusu! Na karatasi alizopewa zilimfanya aamini anatafutiwa mkopo kwa wakopeshaji mbalimbali, kumbe kampuni moja ilikuwa imeshajihakikishia kutangulizwa. Mahakama ikasema uhusiano huo haukuwa wa haki, alipwe kamisheni yote na riba juu. Oktoba mwaka huo huo mamlaka inayosimamia fedha kule ikapendekeza mpango wa kuwafidia wengine, kwa makadirio ya wastani wa pauni 700 kwa mkataba.

Sitaki kuwadanganya, wakopaji hawakushinda kila kitu. Mahakama ile ile ilikataa hoja kwamba kamisheni ni rushwa, ikasema muuza gari anauza gari lake kwa faida yake na hajawahi kumwahidi mteja uaminifu wa wakala. Mawakili wa wakopeshaji wa hapa wakiisoma hukumu hiyo watakimbilia ukurasa huo. Wacha wakimbilie! Dalali wetu hana pikipiki ya kuuza. Biashara yake yote ni maneno "mimi niko upande wako". Anajitangaza kuwa mtu wako, anakwenda kwa niaba yako, pengine umempa na elfu kumi yako ya soda. Huyo anaukaribia uwakala kuliko muuza gari yeyote wa Kiingereza. Na Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inasema wakala akiifanyia kazi ile biashara kwa faida yake mwenyewe bila aliyemtuma kujua, aliyemtuma anaweza kuidai faida ile. Sheria hiyo ni kongwe, imerithiwa kutoka India ya wakoloni, na haijafutwa.

"Lakini alisaini kwa hiari yake." Hili nalisikia mpaka masikio yanawasha. Hiari ya kijana asiye na ardhi, ambaye shamba la babu lilishaingia kwenye uzio wa mgodi, anayesaini karatasi sita amesimama, kalamu imefungwa kwa kamba, nyuma yake foleni? Hata mwenye hiari kamili hawezi kukubali asichoonyeshwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na kanuni zake za 2019 hazikutungwa kwa ajili ya kupamba kabati. Mkopeshaji awe na leseni, na mkopaji aelezwe gharama kabla hajaweka sahihi. Wale matajiri wa mitaani wanaokopesha bila leseni yoyote wamekaa nje ya sheria kabisa, na wanajua wamekaa wapi.

Kisha kuna kunyang'anywa. Umerejesha miezi 14, umeugua wiki mbili, unakuta chombo kimebebwa na mabaunsa usiku. Vuka Sirari uone: Kenya, sheria yao ya ununuzi wa mkopo ya mwaka 1968 inasema ukishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi kukichukua chombo bila kwenda mahakamani. Ni mwendo wa pikipiki hiyo hiyo kutoka hapa.

Benki Kuu naipa haki yake: Novemba 2024 ilizifungia programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikiwavua watu nguo mitandaoni. Vizuri. Ila kausha damu wa Nyamongo hayupo kwenye simu, yupo kwenye kibanda chenye bango, na dawati la malalamiko la Benki Kuu kwa kijana wa Kewanja liko mbali kama mwezi. Halmashauri yenyewe ipo hapa jirani Nyamwaga, ina asilimia kumi ya mapato ya ndani ya kukopesha vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu bila riba. Madiwani watuambie ni vikundi vingapi vya bodaboda vimepata pikipiki kwa fedha hizo, na kama ni vichache, nani alivikwamisha.

Na wenye mikataba iliyokwisha au inayoendelea, kazi yenu ni hii. Kusanyeni nakala za mikataba na ujumbe wa miamala yote ya marejesho, msifute hata mmoja. Mwandikieni mkopeshaji barua yenye tarehe, mkae na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Dai ni moja: orodha ya kila gharama, pamoja na alicholipwa aliyewaleta, na kurejeshewa kila kilichofichwa. Akikaa kimya, nakala iende Benki Kuu. Msimpe mtu asilimia thelathini kwa kuwaandikia barua ya ukurasa mmoja. Uingereza nako makampuni ya kudai fidia yamejaa kama nzi, na mamlaka yao imewaambia wananchi hawahitaji kumlipa yeyote ili walalamike. Nyamongo tunawajua watu hao kabla hata hawajafika. Ni wale wale waliokula kwenye tegesha.

Nanyi wakopeshaji, msingoje barua. Mstari mmoja tu kwenye kila mkataba mpya, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka bila miwani: aliyekuleta hapa tumemlipa shilingi fulani, na shilingi hizo zimo kwenye rejesho lako. Kama biashara yenu ni safi, mstari huo hautawapotezea mteja hata mmoja. Mnaogopa nini kuuandika?