Tairi la Pikapu Linunuliwe kwa Uzito wa Mzigo

Miongoni mwa vyombo vinavyobeba riziki ya watu wetu, sidhani kama kipo kinachotumikishwa kuliko pikapu, kwani hiyo ndiyo ichukuayo kabichi na karoti kutoka Lushoto, saruji na mabati hadi kiwanja cha ujenzi, madumu ya maji pale mabomba yakaukapo, na mara nyingine hata watu walioketi juu ya magunia. Mwenye chombo hicho aghalabu ni mtu mwenye hadhari: hubadilisha oili kwa wakati wake, huisikiliza injini kila asubuhi, na springi ikikatika halali mpaka ipatikane nyingine. Lakini ifikapo zamu ya matairi, maswali yake huwa mawili tu, yaani bei gani, na je, yataingia kwenye rimu? Rai yangu ni kwamba swali la kwanza lapaswa kuwa jingine kabisa, nalo ni hili: tairi hili limeundwa kubeba kilo ngapi?

Jibu la swali hilo halimo kinywani mwa muuzaji, bali limeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe, kwa herufi zilizotangulia kuwepo kabla halijatoka kiwandani. Tuchukue mfano wa tairi lililoandikwa 225/75R16C 121/120R. Tarakimu za mwanzo zaeleza upana wake kwa milimita, kimo cha ubavu kwa kadiri ya upana huo, na kipenyo cha rimu kwa inchi; C ya mwisho ni alama ya kuwa tairi ni la gari la kazi, kama vile Wamarekani waandikavyo LT mbele ya namba zao. Hadi hapo wanunuzi wengi husoma. Kinachofuata ndicho kinachopuuzwa, ilhali ndicho chenye dhamana ya roho za watu: 121 ina maana kwamba tairi hilo moja laweza kubeba kilo 1,450, na 120 ina maana ya kilo 1,400 kwa kila tairi pale yanapofungwa mawili mawili upande mmoja; nayo R ni mwendo wa kilomita 170 kwa saa, kikomo ambacho gari lenye mzigo halina haja ya kukikaribia.

Sasa tufanye hesabu. Mzigo wa pikapu hauketi katikati ya gari, bali sehemu yake kubwa hulemea ekseli ya nyuma. Iwapo uzito unaoangukia ekseli hiyo, gari na shehena kwa pamoja, ni kilo 2,200, basi kila tairi la nyuma limetwikwa kilo 1,100. Tairi lenye namba ya mzigo 112 hubeba kilo 1,120, kwa hiyo limebakiwa na kilo ishirini tu za salama. Lenye namba 104 hubeba kilo 900, na madhali limefungwa hapo, limezidiwa kwa kilo mia mbili tangu gari lilipoondoka ghalani. Kwa macho, matairi hayo mawili yaweza kufanana kwa weusi, kwa kimo na kwa meno, na rimu ikayakubali yote mawili bila mushkeli.

Linalowapumbaza wengi ni kuwa tairi lililozidiwa halipasuki papo hapo. Huenda likatumika miezi kadhaa, na mwenyewe akajiona ameokoa fedha zake, kumbe uharibifu unaendelea ndani kwa taratibu. Kila gurudumu linapozunguka, ubavu wa tairi hukunjika pale unapogusa barabara na kunyooka unapoiacha. Mzigo ukizidi, au upepo ukipungua, mkunjo huo huwa mkubwa, nao mkunjo huzaa joto, na joto hulegeza mshikamano wa mpira na nyuzi za chuma zilizo chini yake. Hebu mtu aitazame safari ya pikapu iliyosheheni mboga ikiteremka kutoka Lushoto, kupitia kona za Soni, hadi Mombo. Juu kuna ubaridi, na dereva huhisi gari limetulia. Katika mteremko breki hufanya kazi bila kupumzika, na sehemu ya joto lake huhamia kwenye rimu. Kisha gari linashuka katika tambarare yenye jua kali, linaingia barabara kuu ya lami, na dereva anayewahi soko la Tanga au Dar es Salaam anakanyaga mafuta. Hapo ndipo mzigo, mwendo, jua na upepo haba hukutana katika tairi moja la nyuma, na hapo ndipo mpira wa juu hubanduka kwa mkupuo.

Hatari hiyo si nadharia tupu. Mwezi wa Agosti mwaka 2000, nchini Marekani, kampuni ya matairi ya Firestone iliwaita wateja warudishe takriban matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, gari lililotokana na pikapu ya Ford Ranger, baada ya mpira wa juu kubanduka magari yakiwa katika mwendo. Idara ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilihesabu vifo zaidi ya mia mbili. Kabla ya hapo, mwaka 1999, Ford ilikuwa imekwisha kuanza kubadilisha matairi kama hayo katika nchi za Ghuba, Saudia ikiwa mojawapo, ambako joto halina huruma. Wachunguzi walikuta kasoro katika tairi lenyewe, lakini mabishano makali yalizuka pia juu ya upepo, kwani Ford ilikuwa ikipendekeza ratili 26 kwa inchi ya mraba, nayo Firestone ikasema ingefaa 30. Tofauti ya ratili nne tu, ambayo kwetu fundi wa pancha huipima kwa kulipiga tairi teke, ilibishaniwa mbele ya Bunge la Marekani.

Hili la upepo lanigusa zaidi, kwa sababu hata mnunuzi mwangalifu huweza kuteleza hapo. Husikia sifa za tairi la ply kumi, akalinunua kwa gharama kubwa, kisha akalijaza upepo uleule aliozoea kuutia katika tairi jepesi alilolivua. Zamani hesabu hiyo ilikuwa hesabu halisi ya matabaka ya pamba yaliyomo ndani ya tairi, bali leo ni kipimo cha nguvu tu, na tairi linaloitwa la ply kumi laweza kuwa na matabaka mawili au matatu ubavuni. Nguvu zake hutegemea upepo: matairi mengi ya namna hiyo ya Kimarekani, yenye alama ya E, hufikia uwezo wake kamili kwa ratili 80 kwa inchi ya mraba, na yakitiwa 35 huweza kubeba pungufu kuliko hata lile tairi jepesi lililotangulia. Kwa hiyo anayebadilisha aina ya tairi hana budi kubadilisha na upepo, akihakikisha kwamba rimu na valvu zake zimekubaliwa kuhimili nguvu hizo. Na apime asubuhi, gari likiwa halijatembea, kwa kipimo cha kuaminika wala si kwa kukisia.

Umri nao una hukumu yake. Tangu mwaka 2000, penye herufi DOT ubavuni, tarakimu nne za mwisho hutaja juma na mwaka wa kutengenezwa, hata 2319 ikawa ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa rafuni bila kutumika. Baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri tairi libadilishwe baada ya miaka sita, na watengenezaji wengi wa matairi huweka mwisho wake miaka kumi. Katika masoko yetu yapo matairi ya mtumba yaliyopakwa dawa ya kung'arisha yakametameta kama viatu vya arusi, na yapo yaliyokwisha kuwa vipara kisha yakachongwa mifereji mipya kwa kisu cha moto, mpaka kisu kikakaribia nyuzi za chuma. Kuuza tairi la namna hii la pili kwa mtu atakayebebea watu ni ghushi na dhuluma, nami sioni jina jingine la kulipa.

Juu ya meno, sina mengi. Meno makubwa ya matope yanamfaa mtu ambaye kweli anaishi matopeni. Kwa anayetembea lami siku nyingi za mwaka, meno hayo huleta kelele, huongeza ulaji wa mafuta, na aghalabu hushika vibaya penye lami iliyolowa.

Najua litakalosemwa, nalo ni la haki: fedha hazitoshi. Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilipofungwa kabla ya mwaka 2010, na kile cha Nairobi kilichotoa matairi ya Yana kikasimamisha uzalishaji mwaka 2016, matairi yetu hutoka ng'ambo, na bei yake huyumba pamoja na bei ya dola. Simwambii mwenye kipato kidogo anunue tairi ghali kuliko yote. Namwambia asiye na uwezo wa kununua manne anunue mawili yenye namba ya mzigo inayotosha, ayafunge nyuma, na katika ekseli moja asichanganye aina wala saizi. Na mwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote ajihadhari na vipenyo vinavyotofautiana mbele na nyuma, maana hilo huua gia. Na kama hata mawili hayapatikani, basi mzigo upunguzwe, safari ziwe mbili.

Wauzaji nao wana wajibu. Nawaomba waandike waziwazi, kando ya bei, uwezo wa tairi kwa kilo na mwaka wa kutengenezwa, kwa Kiswahili ambacho dereva wa Handeni au wa Kilifi atakisoma pasipo mkalimani. Nawasihi vilevile askari wa usalama barabarani, wanaolikagua tairi kwa kutazama kipara tu, wainame na kusoma ubavu wake pia, hasa kwa magari ya mizigo. Nawe msomaji mwenye pikapu, usimlipe muuzaji kabla hujachuchumaa mbele ya tairi ukaisoma namba yake ya mzigo na juma lake. Ikiwa namba hiyo ni pungufu ya ile iliyowekwa na kiwanda cha gari lako, liache dukani, hata ukipewa kwa nusu ya bei.